Dhamana imekwisha, ubovu umerudi: nani alipe?

Swali: Nilinunua gari lililotumika kwa mfanyabiashara wa magari, akanipa dhamana ya miezi 3 kwa maandishi. Wiki ya tisa gari likaanza kuchemsha. Nikalirudisha, wakabadilisha themostati (kifaa kinachofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini) na kuniambia tatizo limekwisha. Kweli likatulia. Dhamana imeisha wiki 5 zilizopita na sasa limechemsha tena. Fundi wangu anasema gasketi ya hedi, yaani kizibo kilicho kati ya kichwa cha injini (hedi) na silinda, imeungua, anataka kufungua injini kesho. Muuzaji nimemwandikia, jibu lake ni fupi tu: "Muda umekwisha." Je, ni kweli hana deni nami?

Jibu: Kabla hujasoma mbele, mpigie fundi wako umwambie kesho asiguse boliti hata moja. Sababu nitaifikia. Kwa sasa elewa tu kwamba ushahidi wako wa maana umo ndani ya injini hiyo, na ikifunguliwa muuzaji hayupo, utabaki na maneno yako dhidi ya maneno yake.

Sasa swali lenyewe. Muuzaji anaposema muda umekwisha, kwa upande mmoja hasemi uongo. Alteneta ikifa leo, au kioo cha umeme kikigoma kushuka, karatasi ile ya dhamana haimlazimishi hata kupokea simu yako. Lakini wewe humpelekei ubovu mpya. Ulilalamika wiki ya tisa, dhamana ikiwa hai. Akayapokea malalamiko, akaliingiza gari gereji, akachagua mwenyewe dawa ya kulitibu. Wajibu wake ulizaliwa siku ile. Dhamana haikukuahidi themostati mpya, ilikuahidi kwamba ubovu utaondolewa. Kama haukuondoka, ahadi haijatimizwa, na ahadi iliyodaiwa ndani ya muda haifi kwa sababu tu aliyeitoa aliitimiza nusu. La sivyo kila muuzaji angekuwa na ujanja mmoja mwepesi: tia kiraka, mpoze mnunuzi, hesabu siku. Funika kombe mwanaharamu apite.

Ndiyo maana katika mizozo ya aina hii naiweka kando kwanza tarehe ya mwisho ya dhamana, nikauliza nyingine tatu: ubovu ulionekana lini, ulilalamika lini, gari lilitoka gereji lini. Zote tatu kwako ziko ndani ya dhamana. Tangu gari litoke gereji ni wiki 9 tu, na tangu ulinunue bado hujafika miezi 5. Huo ni msingi mzuri.

Haujatosha, hata hivyo. Uzito wote umekaa kwenye lile neno "kama". Kuchemsha ni dalili, jinsi homa ilivyo dalili. Gari huchemsha kwa sababu themostati imekwama, feni haizunguki, rejeta imeziba, pampu ya maji imechoka, mfuniko wa rejeta haushiki presha, au gasketi imepasuka na moto wa silinda unaingia kwenye maji. Muuzaji mjanja hatang'ang'ania tarehe. Atakuambia hivi: "Mara ya kwanza ilikuwa themostati, tukaimaliza. Leo ni gasketi. Kipuri kingine, ubovu mwingine, na dhamana haipo." Hoja hiyo ina nguvu kuliko ile ya "muda umekwisha", na ndiyo unayopaswa kujiandaa nayo.

Yawezekana mambo yalikwenda kwa njia tatu. Ya kwanza, gasketi ilikuwa inavuja tangu mwanzo na themostati ilibadilishwa kwa kubahatisha. Ya pili, themostati ilikuwa imekwama kweli, joto likapanda, na joto hilo likaipinda hedi au kuidhoofisha gasketi. Gereji ikabadilisha themostati bila kupima joto lilikuwa limeharibu nini. Ya tatu, themostati ndiyo iliyokuwa ugonjwa wote, ikapona, kisha wiki chache baadaye kitu kipya kikatokea, tuseme paipu ikapasuka, maji yakamwagika, nawe ukaendelea kuendesha sindano ya kipimo cha joto ikiwa kwenye nyekundu mpaka gasketi ikaungua. Katika njia ya kwanza na ya pili mlipaji ni muuzaji. Katika ya tatu, pole, ni wewe.

Habari njema ni kwamba njia hizi tatu huacha alama tofauti, na alama hizo zinasomeka.

Anza na kumbukumbu yako mwenyewe, maana haigharimu kitu. Katika zile wiki 9 baada ya matengenezo, ulikuwa unaongeza maji ya rejeta? Kama ulikuwa unaongeza kidogo kidogo, leo nusu kikombe, wiki ijayo tena, na chini ya gari hapakuwa na tone, basi maji yalikuwa yanaingia mahali fulani ndani ya injini muda wote huo, na uvujaji haukuwahi kukoma. Kama kiwango kilisimama palepale wiki nane halafu siku moja kikashuka ghafla, muuzaji amepata hoja. Kumbuka pia moshi mweupe asubuhi wenye harufu tamutamu, na paipu ya juu ya rejeta kuwa ngumu kwa presha hata injini ikiwa imelala usiku kucha. Andika tarehe unazozikumbuka leo, kabla mabishano hayajazichanganya.

Kisha kipimo kisichohitaji kufungua kitu. Mafundi wana kichupa chenye maji ya kemikali ya buluu, huwekwa kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwa inaunguruma. Gesi ya moshi ikiwa inapenya kwenye maji, buluu hugeuka njano. Ni kazi ya dakika chache. Swali la kumuuliza muuzaji kwa maandishi ni hili: wiki ya tisa, kipimo hicho kilifanyika? Presha ya silinda ilipimwa? Kama karatasi ya kazi ya gereji yake inasema tu "themostati imebadilishwa", bila kipimo chochote, basi hakuna aliyejua gari lina nini lilipotoka pale. Walikisia. Na mtu aliyekisia hana msimamo wa kusema kwa uhakika kwamba ubovu wa leo si ule wa jana.

Hapohapo iangalie karatasi hiyo kwa jicho jingine. Je, imeandika malalamiko yako ("mteja anasema gari linachemsha"), au imeandika tu walichofanya? Ikiwa dalili imeandikwa, umeshika mpini. Ikiwa haikuandikwa, tafuta ujumbe wa simu uliowatumia siku ile. Sentensi moja tu, "gari linachemsha, nalileta kesho", ina thamani kuliko kurasa mbili za malalamiko utakazoandika leo.

Sasa ndani ya injini. Gasketi iliyovuja muda mrefu huacha njia iliyochomeka, nyeusi au yenye kutu, kutoka kwenye silinda hadi kwenye tundu la maji. Pistoni iliyokuwa inapokea maji kwa wiki nyingi husafishwa na mvuke, kwa hiyo kichwa chake hung'aa huku pistoni za jirani zikiwa na masizi. Hedi ikiwekwa rula ya chuma juu ya uso wake na kupimwa, itaonekana kama imepinda na kwa kiasi gani. Watengenezaji wengi hawaruhusu zaidi ya 0.05 hadi 0.1 ya milimita. Halafu kuna alama za zamani zaidi ambazo mimi huzitafuta kwanza: silikoni iliyopakwa pembezoni mwa kiungo, boliti za hedi zenye mikwaruzo ya spana, tope la dawa ya kuzibia uvujaji ndani ya rejeta. Ukikuta hayo, na wewe hujawahi kuifungua injini hiyo, mjadala unabadilika kabisa. Gari liliuzwa likiwa na ubovu ambao mtu alikwisha kuujua na kuuficha, na hapo dhamana ya miezi 3 haina kazi tena, kwa sababu tunazungumzia udanganyifu.

Unaona sasa kwa nini nilisema kesho boliti zisiguswe. Niliwahi kuitwa nikague gari la mtu ambaye, kwa hadithi yake, alikuwa na haki tupu. Nilipofika, fundi wake, kijana mwadilifu na mchapakazi, alikuwa ameshaisugua hedi kwa brashi ya waya mpaka ikang'aa kama kijiko kipya, na gasketi ya zamani ilikuwa imekwenda na takataka za jana yake. Sikuwa na la kuandika. Muuzaji alikuja, akatazama, akaniaga kwa heshima zote.

Jambo jingine dogo: fundi asifute misimbo ya hitilafu kwenye kompyuta ya gari. Magari mengi huhifadhi pamoja na msimbo picha ya hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea, yaani joto, mwendo, mizunguko. Ipige picha skrini ya mashine ya kupimia, basi.

Nigeukie sheria, maana wanunuzi wengi hudhani karatasi ya dhamana ndiyo haki yao yote. Karatasi ile ni nyongeza. Chini yake kuna sheria ya mauziano ya nchi mlikouziana, na hiyo haikuandikwa na muuzaji. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1893 kuhusu uuzaji wa bidhaa, ambayo nchi nyingi zilizokuwa chini yake ziliirithi au kuiiga, iliweka kanuni kwamba mtu anayeuza bidhaa kama biashara yake anaahidi, hata asipotamka, kwamba bidhaa ina ubora unaokubalika na inafaa kwa kazi yake. Kwa gari lililotumika, ubora huo hupimwa kwa umri wake, kilomita zake na bei yake. Hakuna anayetarajia gari la miaka 12 liwe kama jipya, ila linatarajiwa liende safari bila kuchemsha.

Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi, na kwa hali yako mifano yake inafundisha. Uingereza yenyewe, kwa sheria ya mwaka 2015 ya haki za watumiaji, inasema ubovu ukijitokeza ndani ya miezi 6 tangu kukabidhiwa, huchukuliwa kuwa ulikuwepo tangu siku ya kukabidhiwa, na mfanyabiashara ndiye wa kuthibitisha vinginevyo. Tena matengenezo yakishindwa mara moja tu, mnunuzi anaweza kudai apunguziwe bei au kurudisha gari, ingawa atakatwa kiasi kwa matumizi aliyokwisha kufanya. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2022 zinampa mnunuzi miaka 2, na kwa bidhaa zilizotumika pande mbili zinaweza kukubaliana muda upungue, lakini usiwe chini ya mwaka 1. Ujerumani ilichukua nafasi hiyo kuongeza kifungu ambacho natamani kila nchi ingekuwa nacho: ukikabidhi bidhaa kwa muuzaji ili airekebishe, muda wa kudai kuhusu ubovu uleule hauwezi kuisha kabla ya miezi 2 tangu urudishiwe. Kwa maneno mengine, mtunga sheria aliiona ile mbinu ya kiraka na kalenda akaifungia mlango. Marekani nako ni tofauti. Huko kanuni ya shirikisho humtaka mfanyabiashara abandike kwenye dirisha la gari karatasi inayosema kama linauzwa na dhamana au kama lilivyo, na katika majimbo mengi aliyenunua "kama lilivyo" hana pa kushika sana, isipokuwa alidanganywa.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ya kisheria ni nyepesi: tafuta sheria ya mauziano na ya kuwalinda watumiaji ya mahali mlipouziana, uangalie mambo mawili tu. Nani anabeba mzigo wa kuthibitisha, na kwa muda gani? Pili, baada ya matengenezo kushindwa, mnunuzi anaruhusiwa kudai nini? Mengine yote wakili anaweza kukueleza ukifika huko, na pengine hutafika.

Angalia pia ni nani hasa aliyekupa dhamana. Mimi nimejibu nikidhani ni muuzaji mwenyewe. Ikiwa karatasi yako ina jina la kampuni nyingine inayouza dhamana, hiyo hufanya kazi zaidi kama bima: wanataka taarifa ndani ya muda, wanataka kibali kabla ya kazi kuanza, na katika maandishi madogo mara nyingi wanaondoa uharibifu uliotokana na joto kupita kiasi. Wakikukatalia, usikubali kupigwa danadana kati yao na muuzaji. Aliyekuuzia ndiye mwenye mkataba wa mauziano nawe. Na kwa wasomaji walionunua kwa mtu binafsi, jirani au mfanyakazi mwenzao: ukurasa wenu ni mfupi. Mtu asiyefanya biashara ya magari kwa kawaida hawajibiki kwa ubora, anawajibika kwa alichokisema. Kama aliandika "injini haijawahi kufunguliwa" na ikakutwa silikoni, mna kesi. Kama hakusema kitu, mna gari bovu tu.

Tuje kwenye mgawanyo wa gharama, maana mizozo hii mara chache huisha mmoja akilipa vyote. Njia ya kwanza ikithibitika, muuzaji alipe vipuri na ufundi, pamoja na kusawazishwa kwa hedi, na pia gharama ya kulivuta gari. Kwa njia ya pili vilevile, ila atauliza: mara hii ya pili, sindano ilipopanda, ulisimama? Swali hilo ni la haki. Mtu anayeona gari linachemsha akaendelea nalo kilomita nyingi anaongeza hasara, na hasara aliyoiongeza ni yake. Gasketi inaweza kubaki ya muuzaji huku hedi iliyopasuka au pistoni zilizokwaruza zikawa zako. Suala jingine ni faida. Ikiwa injini iliyochoka itabadilishwa na yenye afya kuliko ilivyokuwa, muuzaji anaweza kudai uchangie tofauti, na sioni ubaya katika hilo. Kuchangia huko kusivuke mpaka ukajikuta unalipa ufundi uleule mara mbili. Vitu vinavyoisha kwa matumizi, kama plagi, oili, chujio na mikanda, lipa mwenyewe hata kama hedi imefunguliwa kwa gharama yake. Kung'ang'ania vitu hivyo humfanya mtu aliyekuwa anaelekea kukubali akaanza kukataa kila kitu.

Mwandikie muuzaji leo, kwa njia ambayo tarehe itaonekana. Usitishe na usilaani. Unaweza kuandika hivi: "Tarehe fulani, dhamana ikiwa hai, nilileta gari kwa tatizo la kuchemsha. Mlilitengeneza na kunirudishia tarehe fulani. Tatizo lilelile limerudi tarehe fulani. Kwa maoni yangu matengenezo ya kwanza hayakuondoa ubovu. Gari limesimama na injini haijafunguliwa. Naomba mje mlikague, au tuchague pamoja mkaguzi asiye na upande, ndani ya siku 7. Msipojibu, litakaguliwa na mkaguzi huru, nami nitadai gharama yake pamoja na matengenezo. Naomba pia nakala ya karatasi ya kazi ya mara ya kwanza." Ombi hilo la mwisho lisisahaulike, kwa kuwa wengi huwa hawana nakala, na muuzaji akikataa kuitoa, kukataa kwake kutasomwa vibaya mbele ya msuluhishi yeyote.

Siku 7 zikipita kimya, mlete mkaguzi, kipimo cha gesi kifanyike kwanza, kisha injini ifunguliwe mbele yake huku simu ikirekodi. Kila kipande cha zamani kiwekwe kwenye mfuko wenye maandishi: gasketi, boliti, themostati ile waliyoiweka wao. Themostati hiyo usiidharau. Ikikutwa nzima, inafunguka vizuri ikitumbukizwa kwenye maji yanayokaribia kuchemka, basi yenyewe haikuwa sababu ya joto la safari hii. Ikikutwa imekwama tena baada ya wiki 9, una ushahidi kwamba hata kile kiraka hakikuwa kizuri.

Umeuliza kama muuzaji hana deni nawe. Kwa ulivyonieleza, analo, na ningekuwa msuluhishi ningeanzia hapo, nikamwachia yeye kazi ya kunionyesha kwamba njia ya tatu ndiyo iliyotokea. Kitu kimoja tu hukukiandika, nacho kinaweza kugeuza jibu langu: safari hii ya mwisho, kutoka sindano ilipoingia nyekundu hadi ulipozima injini, ilikuwa umbali gani? Muuzaji ataliuliza swali hilo. Jibu ukweli kama ulivyo, hata kama haukupendezi, kwa sababu hedi ikifunguliwa itamjibu yeye pia.